Pesa Zinakuja kwa Majina Yetu

Mzazi akiuliza hesabu ya pesa za shule hapa Kakuma, jibu la kwanza analopewa ni swali: "Na wewe ni nani?" Haambiwi karibu, keti. Haambiwi ngoja nitafute faili. Anaulizwa ni nani, anatoka bloki gani, ametumwa na nani, ana barua? Akisema mimi ni mama wa mtoto wa darasa la sita, hiyo haitoshi. Angekuwa mgeni mwenye kamera angewekewa kiti na soda.

Basi namjibia huyo mama leo, kwa maandishi. Yeye ni mzazi wa mtoto ambaye jina lake liko kwenye orodha, na orodha hiyo ndiyo iliyoleta pesa. Hakuna shule ya kambi inayopewa pesa kwa uzuri wa mabati yake. Inapewa kwa sababu mtu alikaa chini akaandika: tuna watoto kadhaa, tunahitaji walimu kadhaa, vitabu kadhaa, madawati kadhaa. Watoto wakiwa elfu mbili, bajeti inaombwa ya elfu mbili. Kwa hiyo mtoto wa huyo mama siyo mgeni wa hizo hesabu. Bila yeye hazipo.

Nataka kwanza tuangalie Ohio, Marekani. Najua kuna watakaosema, tena Marekani? Vumilieni kidogo. Ohio siyo mbali nasi kiasi hicho. Majirani zetu Wasomali wana ndugu wengi sana mjini Columbus, na sisi Wakongomani tunao watu wetu Dayton. Watoto wao wanasoma huko. Tena habari ya huko ina faida moja ambayo za kwetu hazina: ilifika mwisho. Ilikaguliwa, ikaenda mahakamani, ikaandikwa. Za kwetu huishia kwenye mkutano, mwenyekiti akisema tutalifuatilia.

Kule kuna shule wanaziita chata, yaani shule za mkataba. Sheria ya kwanza ya shule hizo ilipitishwa jimbo la Minnesota mwaka 1991. Serikali haiendeshi shule yenyewe. Kikundi cha watu binafsi kinapewa mkataba, kinaendesha, mtoto halipi ada, na serikali inalipa kwa kila kichwa. Mtoto akihama, pesa zake zinahama naye. Wanaozipenda wanasema mwalimu akiachwa huru atafundisha vizuri zaidi, na zipo ambazo kweli zimefundisha vizuri, siwezi kukana. Lakini angalieni umbo lake. Pesa ni za umma, mkono unaozishika si wa umma, na kiasi kinatokana na hesabu ya vichwa.

Umbo hilo hamlijui? Shule zetu nyingi ndivyo zilivyo. Pesa zinatoka kwa walipa kodi wa nchi za wafadhili, zinapita UNHCR, zinashikwa na shirika linaloendesha shule, na shirika hilo hilo ndilo linaloripoti watoto ni wangapi. Sisi hatusemi chata. Tunasema "shule ya shirika fulani." Tofauti ni jina.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2000 ilifunguliwa Ohio shule inayoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, kwa kifupi ECOT. Haikuwa na madarasa. Watoto walisoma nyumbani kwa kompyuta. Mwanzilishi wake, William Lager, alikuwa pia na kampuni zake, moja ya usimamizi na moja ya programu za kompyuta, na shule ikawa inazilipa kampuni hizo kwa pesa za serikali. Yaani mtu anaanzisha shule, halafu shule inanunua huduma kwake. Wala hilo halikuwa siri. Lilijulikana, na lilivyojulikana ndivyo lilivyoendelea, miaka na miaka. Shule ikakua ikawa moja ya shule kubwa za mtandaoni Marekani nzima. Mwaka 2011 gavana wa jimbo, John Kasich, alikwenda mwenyewe kuhutubia mahafali yao.

Tunazijua siku za namna hiyo. Watoto wanapangwa mstari tangu saa mbili asubuhi, ngoma zinapigwa, magari meupe yanaingia na vumbi lake, mgeni anasema amefurahi sana kuona anachokiona. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba rejista.

Ohio waliiomba, wakiwa wamechelewa. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya jimbo ilitaka kuona si majina tu bali na muda. Sheria ilihesabu masaa 920 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa muda wote, karibu masaa matano kwa siku. Rekodi za kompyuta zilizoangaliwa mwanzoni zilionyesha wanafunzi wengi wakiingia kama saa moja tu kwa siku. Hesabu ilipokamilika, shule ilikuwa imelipwa kwa wanafunzi zaidi ya 15,000, na wizara iliweza kuthibitisha kama 6,300. Katika kila watoto watano waliolipiwa, karibu watatu hawakuthibitika.

Shule ilijibuje? Haikusema watoto wapo. Ilisema sheria inaitaka itoe nafasi ya kusoma masaa hayo, haisemi lazima mtoto aitumie. Ni kama mtu wa hoteli akuambie: mimi nilipika sahani mia, waliokula ni arobaini, lakini nilipe mia, maana chakula kilikuwepo. Bila aibu! Agosti 2018 Mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliikataa hoja hiyo. Shule ilikuwa imeshaamriwa kurudisha karibu dola milioni 60 za mwaka mmoja, na karibu milioni 20 nyingine za mwaka uliofuata.

Lakini wakati mahakama inaamua, shule yenyewe haikuwepo tena. Ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo. Wanafunzi kama 12,000 waliambiwa watafute shule nyingine. Wengi wao walikuwa watoto ambao shule ya kawaida iliwashinda: wagonjwa, wasichana wenye watoto, waliochekwa na kupigwa na wenzao. Kwao ECOT haikuwa jina hewa, ilikuwa shule kweli. Hao ndio walioamka asubuhi bila shule. Hapa ndipo hasira yangu inapotoka. Mkubwa akila pesa za vichwa hewa, anayefukuzwa darasani ni mwenye kichwa cha kweli.

Kuna mambo mawili katika hadithi hiyo ambayo ningeomba wafanyakazi wa mashirika wayasome mara mbili.

La kwanza ni la ukaguzi. Kila tukiuliza tunaambiwa, "Tumeshakaguliwa, wakaguzi walikuja kutoka Nairobi, ripoti ilikwenda kwa mfadhili." Vizuri. ECOT pia ilikaguliwa. Kabla ya aibu yote hiyo, ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ohio ilikuwa imeipa tuzo ya utunzaji safi wa hesabu. Tuzo! Na pengine makaratasi yalikuwa safi kweli: kila malipo na risiti yake, kila risiti na namba yake. Mkaguzi wa makaratasi anauliza kama dola iliyotoka imeandikwa. Haulizi kama mtoto aliyeandikwa yupo. Hilo linajulikana na jirani, na mwalimu wa darasa, na mama wa mtoto. Sasa hao watatu hawajawahi kuonyeshwa karatasi, watasahihisha nini?

La pili ni la msimamizi. Ohio kila chata ina mdhamini wake, chombo kinachotakiwa kuiangalia, na sheria inamruhusu mdhamini kuchukua hadi asilimia 3 ya pesa za shule anayoiangalia. Fikiria: kadiri shule inavyoandika watoto wengi, ndivyo msimamizi wake anavyoshiba. Nani atakuwa wa kwanza kusema watoto hawapo? Sisemi kwamba hapa kuna asilimia 3. Nasema hapa pia anayepeleka ripoti ya mafanikio, mshahara wake wa mwaka ujao unategemea ripoti hiyo. Si lazima mtu awe mwizi ndipo apendelee namba kubwa. Inatosha awe na mkataba unaoisha Desemba.

Na wazazi wa Ohio walikuwa wapi? Wengine walikuwa barabarani wakiitetea shule. Walikusanyika na watoto wao mbele ya jengo la bunge la jimbo, Columbus, wakiomba isifungwe. Siwacheki hata kidogo. Walikuwa wanajua kitu kimoja tu, kwamba mtoto wao anasoma. Vingine hawakuonyeshwa. Mzazi asiye na hesabu mkononi anaweza kupelekwa upande wowote.

California nako, mwaka 2019, waendesha mashtaka wa San Diego walishtaki watu 11 katika kesi ya mtandao wa shule za chata ulioitwa A3. Hao walikuwa na ujanja wao: walizilipa timu za michezo za watoto ili wapewe majina ya wachezaji. Mtoto amekwenda kucheza mpira, kumbe ameandikishwa shule, pesa za serikali zinatoka kwa jina lake, na familia nyingine hazikujua kabisa. Viongozi wawili wakuu walikiri makosa yao mahakamani mwaka 2021.

Niliposoma hiyo nilisimama kwanza, kwa sababu kazi yangu ni vijana na mpira. Mwaka wa nne sasa nashika karatasi za mahudhurio. Jina, umri, bloki, namba ya manifesti, sahihi au dole gumba. Najua karatasi hiyo ina nguvu gani. Watoto ishirini na sita wamefika, karatasi ina mistari arobaini. Siku moja mkubwa wa mradi mmoja aliniambia nisijaze sehemu ya chini, "tutamalizia ofisini." Nilichukua kalamu mbele yake nikapiga mstari mrefu wa kukata nafasi zote zilizobaki, kisha nikaandika 26 na sahihi yangu. Alininunia wiki nzima. Tangu hapo nawafundisha vijana wangu wote: usipeleke karatasi yenye nafasi tupu chini ya jina la mwisho. Kata. Ni sekunde tano tu.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Uganda mwanzoni mwa 2018, maofisa wakubwa wa serikali walioshughulikia wakimbizi walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi yetu. Kabla ya hapo ilitangazwa wakimbizi ni milioni 1.4. Baada ya kuhesabu upya kwa alama za vidole na macho, mwaka huo huo, wakapatikana kama milioni 1.1. Waliotuhumiwa walikuwa ofisini. Waliopanga foleni juani kuthibitisha kwamba wapo ni wakimbizi. Hapa Kenya pia, tangu 2013, hatuchukui mgao bila kuweka kidole kwenye mashine. Mimi sipingi kidole. Lakini naona jambo la ajabu: mkimbizi anathibitishwa kwa kidole ili apewe unga na mafuta, na pesa za shule nzima, zenye sifuri nyingi, zinathibitishwa kwa neno la mtu mmoja ofisini.

Wazee wetu waliotoka Kongo wanaijua shule ya pesa zisizo na hesabu kuliko mtu yeyote. Miaka mingi mzazi wa Uvira au Bukavu alilipa primi ya mwalimu, kwa sababu serikali haikumlipa, na kutoka mikononi mwa mzazi mpaka mifukoni mwa mwalimu hiyo primi ilipita kwa watu wengi, kila mmoja na mkono wake. Elimu ya msingi ya bure ilianza 2019. Labda ndiyo maana wazazi wetu hapa wanalipa mchango bila kuuliza. Wamezoea. Kulipa kwao ni sawa na mvua, inanyesha tu.

Nitoe mfano wa karibu, na shule siitaji. Ilitangazwa mchango wa madawati, shilingi 200 kwa kila mtoto. Asiyeleta anarudi nyumbani. Tuseme watoto ni 1,500: hizo ni shilingi 300,000. Tulikwenda na vijana wawili kwa fundi wa hapa sokoni, tukauliza bei ya dawati la kawaida. Akasema 3,500, na ukichukua mengi anapunguza. Basi, kwa bei yake ya juu, ni madawati 85. Tukaenda kuhesabu mapya, mabao yake bado yanang'aa. Yalikuwa 31. Inawezekana wazazi wengi hawakulipa. Inawezekana zingine zilikwenda kwenye paa, au kwa walimu wa insentivu ambao posho yao ilichelewa, na kama ni hivyo mimi ningepiga makofi. Sisemi ziliibiwa. Nasema hakuna risiti hata moja iliyotolewa, hakuna karatasi iliyobandikwa, na mzazi mmoja aliyeuliza kwenye mkutano aliambiwa anachochea watu.

Kuchochea! Kuzidisha 1,500 mara 200 ni hesabu ya darasa la nne. Tunaifundisha sisi wenyewe humo humo shuleni.

Najua majibu mengine, nimeyasikia yote. Kuna lile la kwamba ukibandika bajeti wezi watakuja. Mwizi gani anaiba karatasi? Pesa ziko benki. Kuna lile la kwamba wazazi hawajasoma, hawataelewa. Mama anayegawa kilo za unga kwa watu saba kwa siku thelathini, na sasa mgao umepunguzwa, huyo haelewi bajeti? Anaielewa kuliko ofisa anayetumia kompyuta kujumlisha. Mwandikieni kwa Kiswahili, Kisomali na Kiarabu cha Juba, halafu mkae pembeni muone maswali atakayouliza.

Lile gumu ni la wakati huu. Tangu misaada ilipokatwa 2025 tunaambiwa kwa sauti ya chini: jamani, msiongee mambo haya sasa, mfadhili akisikia ataondoka kabisa. Hili silidharau, kwa sababu linasemwa pia na watu wema, na hofu yao ni ya kweli. Walimu wamepunguzwa, madarasa yamejaa, na hakuna anayetaka kuwa yule aliyefunga shule kwa mdomo wake. Lakini ECOT haikufungwa na aliyeuliza mapema. Ilifungwa kwa sababu hakuna aliyesikilizwa mapema, mpaka deni likawa kubwa kuliko shule. Shilingi inapokuwa haba ndipo inapohitaji macho mengi. Na mfanyakazi mwaminifu wa shirika, nao ni wengi, nimefanya kazi nao, anakosa nini hesabu ikibandikwa? Yeye ndiye wa kwanza kusingiziwa kila uvumi ukizuka sokoni, na hana karatasi ya kujitetea.

Kuna jambo la sheria ambalo vijana wenzangu wengi hawalijui. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 35, inatoa haki ya kupata taarifa zinazoshikwa na serikali, na hata na mtu binafsi zikihitajika kulinda haki. Nzuri sana. Lakini imeandikwa kwa ajili ya raia, na sheria ya 2016 ya kupata taarifa nayo inasema raia. Mzazi Mkenya wa mjini Lodwar ana kifungu cha kushika mkononi akienda shuleni kwa mtoto wake. Sisi hatuna. Kwa hiyo ninyi mnaoendesha shule zetu mkikaa kimya hamvunji kifungu hicho. Mnachagua tu. Na mnachokichagua kinaonekana.

Tena muda si mrefu. Mpango wa Shirika, ambao serikali iliuzindua Machi 2025, unataka huduma za kambi ziingie katika mfumo wa nchi, shule zikiwemo. Siku ya makabidhiano itafika, watasaini watu wa suti. Mimi nauliza kitakachokabidhiwa ni nini. Madawati mangapi, vitabu vingapi, deni kiasi gani kwa muuza chaki, na rejista yenye watoto wangapi wa kweli? Kama hatuna karatasi zetu kuanzia leo, tutapokea chochote tutakachoambiwa tumepokea.

Tunachotaka kinatosha kwenye karatasi moja kila muhula. Pesa zilizoingia na zilikotoka. Zilizotumika, kwa kitu gani, kwa nani. Idadi ya watoto iliyoripotiwa, na pembeni yake idadi iliyohesabiwa darasani siku moja isiyotangazwa, na wazazi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao, siyo na mwalimu mkuu. Jina la mtu yeyote wa bodi ambaye yeye au ndugu yake ameiuzia shule kitu. Mchango wowote wa mzazi uwe na risiti, hata wa shilingi hamsini. Vijana wetu wanajua kuandika risiti, tutakaa mlangoni bure siku ya mchango.

Nafasi ya kuibandika ipo. Ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, upande wa kivuli, pale wazazi wanapongojea. Katika shule niliyoisema, kwa sasa ukutani pana bango la kunawa mikono na kalenda ya 2022.